Josh Lambo: kipa aliyesugua benchi MLS, akaingia chuo, akatokea NFL. Maswali mnayouliza kila siku

Nimeamua kuyaweka majibu sehemu moja maana kila nikimtaja huyu jamaa naulizwa yale yale, leo namjibu mmoja kesho anakuja mwingine na swali lile lile. Mimi mwenyewe nimedaka ligi ya mkoa miaka kadhaa kwa hiyo stori yake imenikaa rohoni kuliko za mastraika wote, na nitaeleza kwa nini.

Lambo ni nani hasa?

Ni Mmarekani, kazaliwa Novemba 1990, kakulia Wisconsin. Alianza kama kipa wa soka, soka hili hili letu la miguu, akasaini MLS (ligi kuu ya soka ya Marekani), na akaishia NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, ule wa yai. Akiwa kinda alichukuliwa kwenye kambi ya vijana ya shirikisho la soka la Marekani pale Bradenton, Florida, kambi iliyoanza 1999 na darasa lake la kwanza likawa na akina Landon Donovan na DaMarcus Beasley. Watoto walikuwa wanaishi hapo hapo, wanasoma na kufanya mazoezi kila siku, yaani unaondoka kwenu ukiwa bado mtoto kabisa. 2007 akaenda Kombe la Dunia la U-17 kule Korea Kusini.

Ni kweli alichaguliwa mapema kwenye drafti?

Kweli. Drafti ni pale timu za ligi zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Kwenye ile ya MLS ya 2008, FC Dallas wakamchukua raundi ya kwanza, mchezaji wa nane kuitwa. Alikuwa na miaka 17! Wengi waliokuwa kwenye drafti ile walikuwa wameshacheza chuo miaka mitatu minne, yeye katoka moja kwa moja ujanani. Akamwaga wino mkataba wa aina ya Generation Adidas, na huo mkataba naomba mshike kichwani maana tutaurudia.

Alicheza mechi ngapi MLS?

Hakuna. Sifuri. Misimu minne, kuanzia 2008 mpaka 2011, hakugusa mechi hata moja ya ligi na kikosi cha kwanza.

Inawezekanaje mtu achaguliwe wa nane halafu asicheze hata dakika moja?

Kwa kipa inawezekana sana na hapa ndipo watu wasiowahi kusimama langoni hawaelewi. Winga akikosa namba kulia anasogezwa kushoto, akikosa kushoto anaingia dakika ya 75 mwenzake akichoka, beki anaweza kuchezeshwa kiungo wengine wakiumia. Kipa yupo mmoja. Huyo mmoja hachoki, habadilishwi kwa mbinu, na akiwa kwenye fomu kocha hamgusi mwaka mzima. Dallas kulikuwa na Darío Sala, halafu 2010 akaja Kevin Hartman, mtu ambaye alishabeba MLS Cup mara mbili na LA Galaxy, na mwaka huo huo timu ikafika fainali pale Toronto ikapigwa 2-1 na Colorado Rapids. Sasa wewe una miaka 19, kocha wako anaelekea fainali, atakupa glovu kwa sababu gani?

Najua hiyo hali inavyokuwa kwa sababu nimekaa hapo. Unafika uwanjani wa kwanza, unampigia mashuti kipa namba moja apate joto, unashika koni, unamshangilia, na moyoni kabisa unaomba asiumie kwa sababu ni rafiki yako, lakini pia unajua asipoumia wewe huchezi. Miaka minne ya hivyo, kuanzia miaka 17 mpaka 21. Halafu mnasema hakujituma. Sikubaliani na neno hilo hata kidogo.

Kwa nini hakutafuta timu nyingine baada ya kutemwa?

Baada ya msimu wa 2011 Dallas wakaachana naye. Angeweza kuzunguka na majaribio timu za chini, wapo wengi wanaofanya hivyo mpaka wanafika 28 hawana timu wala cheti. Yeye akaamua kurudi shule, 2012 akaingia Texas A&M, chuo kikuu kikubwa pale College Station, Texas, jimbo lile lile alilokuwa anaishi. Na akiwa pale akaenda kuomba nafasi kwenye timu ya mpira wa Kimarekani, mchezo ambao hakuwa na historia nao, kwa kazi moja tu: kupiga mpira kwa mguu.

Subiri kwanza, alikuwa profesheno, NCAA (wasimamizi wa michezo ya vyuo Marekani) si walikuwa hawaruhusu maprofesheno?

Hili ndilo swali namba moja. Sheria ya NCAA ilikuwa inaangalia mchezo kwa mchezo. Ukiwa umelipwa kama profesheno kwenye mchezo mmoja, bado unaweza kucheza mwingine chuoni. Kwa hiyo Lambo kwenye soka alikuwa profesheno, kwenye mpira wa Kimarekani alikuwa mtu mpya kabisa. Na ile saa ya NCAA, yaani miaka mitano ya kucheza misimu minne, ilikuwa inaanza kuhesabika pale unapojiandikisha chuo kama mwanafunzi kamili, haikuanza siku aliyosaini Dallas.

Kwa hiyo asingeweza kucheza soka la chuo?

Kwa sheria za wakati ule, hapana. Alishasaini MLS, mlango wa soka la NCAA ukawa umefungwa hata kama hakucheza mechi. Watu wanadhani kwa vile hakucheza basi haikuhesabika, lakini kilichohesabika ni mkataba.

Ada alilipa nani?

Timu aliingia bila skolashipu ya michezo. Kule wapo wachezaji wa namna hiyo kila chuo, unakuja mwenyewe, unaomba kujaribiwa, wakikupenda unabaki na huna hata senti ya timu.

Lakini turudi kwenye ule mkataba. Mikataba ya Generation Adidas iliwekwa kwa ajili ya vijana ambao wanaacha chuo au hawajaingia chuo kabisa ili wasaini MLS, na ndani yake huwa kuna kipengele cha hela ya masomo. Yaani mpira ukikataa, hela ya kwenda darasani ipo kwa maandishi. Kwangu mimi hiki kipengele ni kikubwa kuliko mshahara. Mshahara wa miaka 18 unaisha kwenye simu na viatu na kusaidia nyumbani, na sio vibaya kusaidia nyumbani, lakini hela iliyofungwa kwa jina la shule hakuna mjomba anayeweza kuja kuikopa.

Kudaka na kupiga mpira wa yai vinahusiana wapi?

Hapa niacheni niongee kidogo maana napapenda.

Kipa wa kisasa anapiga mpira uliotulia mara nyingi kuliko mtu yeyote uwanjani. Goli kiki, faulo za nyuma, mazoezini ndio usiseme. Unaweka mpira, unarudi hatua zako zile zile kila siku, unapumua, unapiga. Mwili unazoea kurudia kitu kimoja bila kubadilisha. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mpigaji wa mpira wa Kimarekani, kule wanamwita kika.

Sasa angalia inavyokuwa. Mmoja ameinama mbele anaurusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu, karibu yadi saba nane. Mwingine amepiga goti, anaudaka, anausimamisha kwenye nyasi kwa kidole kimoja juu, anauzungusha ule mshono wake uangalie mbele, mbali na mguu wa mpigaji. Kika ameshaanza kutembea kabla mpira haujasimama vizuri. Tangu mpira unarushwa mpaka mguu unagusa ni kama sekunde 1.3 tu, na mbele yako kuna majitu yenye kilo 140 yanaruka mikono juu. Ukisubiri uone kama kila kitu kiko sawa umeshachelewa, inabidi uamini.

Na lengo ni jembamba kuliko mnavyodhani. Goli letu la soka lina upana wa mita 7.32. Nguzo zao zimeachana mita 5.6 hivi, na mtambaa panya uko juu kama mita tatu kutoka chini, na mpira lazima upite JUU yake. Fikiria kipa aliyekua anaambiwa tangu utoto kwamba mpira ukienda juu ya mtambaa panya mshukuru Mungu, umekosa mtu. Huku ndio pointi tatu. Nikiwaza hivyo huwa natabasamu.

Tena chuoni ni kugumu kwa namna fulani kuliko NFL, maana ile mistari ya katikati mpira unapowekwa imeachana zaidi, kama mita 12, NFL ni 5.6. Kwa hiyo chuoni unaweza kujikuta unapiga ukiwa pembeni kabisa, pembe mbaya, kama faulo iliyo karibu na kibendera.

Kitu kingine ambacho ni cha kipa peke yake ni kichwa. Kipa anakaa dakika 40 hana kazi, baridi, halafu shambulizi moja linaamua maisha yake. Kika naye ni hivyo hivyo, anakaa pembeni saa nzima, anaitwa mara moja, akikosa uwanja mzima unamjua jina. Straika anaweza kukosa matano akafunga la sita wakambeba mabegani. Hawa wawili hawana la sita.

Alipofika A&M aliingia kikosini moja kwa moja?

Hapana, na hapa ndipo namheshimu zaidi. 2012 ulikuwa msimu mkubwa sana pale, mwaka wa kwanza wa chuo ndani ya SEC, mojawapo ya ligi za vyuo, Johnny Manziel akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, akiwa bado mgeni kikosini, wakawapiga Alabama 29-24 kwao Tuscaloosa. Kazi kubwa ya kupiga ilikuwa ya Taylor Bertolet. Kwa hiyo Lambo katoka benchi la Dallas kaja kukaa benchi lingine, tena safari hii bila mshahara. Akavumilia. 2013 akaanza kupewa mipira ya pointi tatu, na 2014, mwaka wake wa mwisho, akawa ndiye mtu wa kazi.

Oktoba 2014 pale Kyle Field, mechi na Ole Miss, waliingia watu 110,633. Mechi ya chuo hiyo jamani. Uwanja wetu wa Mkapa ukijaa ni elfu 60, karibu mjaze mara mbili. A&M walifungwa siku ile 35-20, lakini nawaza tu kijana ambaye miaka minne hakupata hata mechi moja kwenye kiwanja cha Dallas kinachochukua watu elfu 20 na kidogo, sasa anatembea kwenda kupiga mpira mbele ya umati kama ule.

NFL alifikaje?

Drafti ya 2015 hakuna aliyemwita. Chargers, timu ya NFL, wakamchukua kama mchezaji huru, kambini akamshinda Nick Novak aliyekuwa mwenye namba, akaanza msimu akiwa na miaka 24. Mwaka huo huo NFL ndio walisogeza ile pointi ya nyongeza (mpira unaopigwa baada ya timu kufunga) nyuma ikawa kama yadi 33, kwa hiyo kazi aliyoikuta ilikuwa ngumu kuliko waliyoikuta wenzake waliomtangulia.

Misimu miwili pale, halafu 2017 wakamwacha wakambakisha Younghoe Koo. Katemwa tena! Oktoba Jacksonville Jaguars wakampigia simu, na hapo akawaka: 2017 mipira 19 kati ya 20 ilipita, na 2019 akapiga 33 kati ya 34. Thelathini na tatu kati ya thelathini na nne. Kabla ya huo msimu walishampa mkataba wa miaka minne.

Mimi nilimuona vizuri mara ya kwanza Januari 2018, nusu fainali ya NFL dhidi ya New England Patriots ya Tom Brady. Huku kwetu mechi ilianza saa tano usiku, nilikuwa naangalia kwenye simu chini ya shuka nisiamshe watu. Ilishapita saa sita, robo ya tatu, Jaguars wakaamua wapige kutoka yadi 54, hiyo ni kama mita 49, na ukiwa na mpira wetu hiyo ni kama kusimama karibu na duara la kati. Akatembea hatua zake. Ukapita. Ikawa 17-10. Baadaye akaongeza mwingine ikawa 20-10 na nikaamini kabisa tunaenda Super Bowl, fainali yenyewe ya NFL (ndio, tayari nilikuwa nasema "tunaenda"), halafu Brady akafanya yake, mechi ikaisha 24-20. Nililala vibaya.

Na ile ishu ya kocha kumpiga teke?

Nitaijibu kwa kifupi na kwa yale yaliyowekwa hadharani tu. 2020 Lambo alikuwa na jeraha la nyonga, 2021 akaanza vibaya akakosa mipira yake yote mitatu, Oktoba wakamwacha. Desemba 2021 akaliambia gazeti la Tampa Bay Times kwamba kocha Urban Meyer alimpiga teke mguuni wakati ananyoosha misuli mazoezini mwezi wa nane. Meyer alikana jinsi stori ilivyoelezwa. Muda mfupi baada ya habari kutoka, Jaguars walimfukuza Meyer, timu ilikuwa na hali mbaya kwa mambo mengi. Wanaotaka tubishane nani mkweli watanisamehe, sikuwepo.

Kuna wengine waliopita njia hii?

Wapo. Arryn Siposs alicheza mechi 28 za mpira wa Australia akiwa na St Kilda, wakamwacha, akaenda chuo cha Auburn 2018 na 2019 kama mpigaji, akafika NFL na Philadelphia Eagles. Chris Weinke alikuwa beziboli miaka sita, akaingia Florida State, akachukua Heisman 2000 akiwa na miaka 28. Brandon Weeden naye Yankees walimchukua 2002, beziboli ikakataa, akaenda Oklahoma State, akaitwa raundi ya kwanza ya drafti ya NFL 2012. Ila kwa mtoto wa soka, na hasa kipa, Lambo ndiye ninayemtaja kwanza.

Na kuna aliyekwenda kinyume, chuo kwanza halafu MLS, huyu ni wa huku kwetu. Philip Mayaka, Mkenya, alianza chuo cha Clemson kisha 2021 akachukuliwa wa tatu kwenye drafti ya MLS na Colorado Rapids, kwa mkataba wa Generation Adidas, aina ile ile aliyosaini Lambo.

Kijana wangu kasaini timu hapa nyumbani, bado anaweza kwenda chuo Marekani?

Inategemea kasaini nini, kalipwa nini, kamaliza shule lini na anataka mchezo upi, na sheria za NCAA zinabadilika sana miaka hii, kwa hiyo msiniulize inbox nikupe jibu la uhakika, muulizeni msimamizi wa sheria wa chuo husika kwa maandishi kabla hamjatuma hela kwa wakala yeyote. Ninachoweza kusema ni kwamba bila matokeo ya sekondari hakuna hata mazungumzo. Kipaji hakijazi ile fomu ya masomo.

Kwenye mkataba wa kwanza wa mtoto tuangalie nini?

Wazazi wengi wanaangalia hela ya kusaini na viatu. Mimi ningeuliza: mtoto akiumia nani anamtibu na mpaka lini? Akiachwa, barua yake ya kuachiwa inatoka ndani ya siku ngapi? Na shule, je? Imeandikwa mahali, au ni maneno ya mwenyekiti tu siku ya kupiga picha? Kama haijaandikwa ombeni iandikwe, hata kama ni ada ya mwaka mmoja. Wakikataa angalau mtajua mapema wanamuonaje huyo mtoto.

Mbona hili swala la shule linakuuma hivyo?

Kwa sababu ya dogo mmoja niliyemfundisha kudaka, sitamtaja jina wala timu. Aliacha shule kidato cha tatu kusaini, akapewa jezi namba 30, misimu miwili alikuwa anabeba begi la mipira, hakucheza hata mechi ya kirafiki. Siku anaachwa hakuambiwa kitu, alifika mazoezini akakuta jina lake halipo kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Alinipigia akiwa bado amesimama hapo hapo mlangoni, nasikia wenzake wanacheka nyuma, yeye ananiuliza, "Mwalimu, sasa nirudi nyumbani niseme nini?" Nilimtumia video ya Lambo ile ya yadi 54, sikujua nimtumie nini kingine. Mwaka huu amejiandikisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, jioni bado anakuja uwanjani, anaweka mipira kumi kwenye mstari wa katikati na kuipiga mmoja mmoja kulenga juu ya mtambaa panya.